Kompyuta zimejaa mpakani, mbona bado tunabeba karatasi?

Ndugu msomaji, kama umewahi kupita Kobero au Mugina ukiwa na mzigo, basi unaijua safari ninayotaka kuizungumzia leo. Sisemi safari ya kutoka Kigoma hadi Makamba, hiyo ina barabara na ina kilomita zake. Nasema ile safari ya kutoka dirisha la kwanza hadi dirisha la nne, mkononi una bahasha, na ndani ya bahasha mna karatasi zinazosema jambo lilelile. Kila dirisha lina ofisa, na kila ofisa ana kompyuta mbele yake. Anapokea karatasi yako, anaisoma, anaandika upya yale ambayo mwenzake ameyaandika nusu saa iliyopita, kisha anachapa karatasi nyingine na kukuambia, "Peleka mbele."

Swali langu ni moja tu. Kama kompyuta ziko pande zote mbili za mpaka na katika kila ofisi, kwa nini mfanyabiashara mwenyewe ndiye awe waya wa kuziunganisha?

Mimi ni mwalimu, si mtaalamu wa kompyuta. Lakini mwalimu anajua hasara ya kunakili. Shuleni kwetu, kwa miaka mingi, alama za mtihani zilikuwa zinaandikwa mara tatu: kwanza katika daftari la mwalimu, kisha katika karatasi kubwa ya darasa, kisha katika ripoti ya mwanafunzi. Na kila mwisho wa muhula alikuwapo mzazi mmoja au wawili wanaokuja na ripoti mkononi wakilalamika. Tukirudi katika daftari tunakuta mtoto alipata 71, katika karatasi ya darasa kaandikiwa 17. Hakuna aliyemwonea. Ni mkono tu uliochoka. Kila unaponakili, unafungua mlango mmoja zaidi wa kosa kuingilia.

Sasa hayo ni ya shule, ambako kosa linaleta machozi ya mtoto na kufutwa kwa kalamu. Mpakani kosa linaleta gharama.

Shemeji yangu anafanya biashara ya mafuta ya kula kati ya Kigoma na huku kwetu. Safari moja alipakia katoni 480. Ankara ya muuzaji ilisema 480. Wakala wake akaandika tamko la forodha, naye akaandika 480. Lakini katika hati ya mzigo aliyokuwa nayo dereva, iliyoandikwa usiku wakati lori linapakiwa, paliandikwa 408. Katoni zilikuwa zilezile, hakuna iliyoongezeka wala kupungua. Lakini mbele ya ofisa, karatasi mbili zilikuwa zinabishana, na ofisa hana njia ya kujua ipi ni kweli ila kwa kushusha mzigo wote na kuuhesabu. Lori likalala siku tatu. Akalipa maegesho, akalipa posho ya dereva na utingo, akalipa vibarua wa kushusha na kupakia upya. Faida ya safari ile yote ilikwisha palepale mpakani, kwa sababu ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Aliponisimulia akasema, "Mwalimu, hawa wana kompyuta za nini?" Nikakosa la kumjibu siku ile. Nimelitafuta jibu, na ndilo ninalotaka kulileta kwenu.

Jibu ni kwamba kompyuta nyingi tulizonazo tumezitumia kama mashine za kuchapia zilizo ghali. Kila ofisi ilinunua yake, ikaweka programu yake, ikajifungia nayo chumbani. Mamlaka ya mapato ya hapa kwetu, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, inatumia SYDONIA, mfumo wa forodha uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, ambao wenzetu wanaozungumza Kiingereza wanauita ASYCUDA. Tanzania nayo iliwahi kuutumia mfumo huo, kisha kufikia mwaka 2014 ikahamia katika mfumo wake, TANCIS. Kila mmoja ni chombo kizuri. Lakini vyombo viwili vizuri visivyosikilizana ni kama mashahidi wawili waliofungiwa vyumba tofauti. Hakimu atalazimika kumtuma mtu awe anakimbia katikati.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliliona hilo. Burundi iliingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007, na mwaka 2014 nchi wanachama zikaanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Tamko la mzigo linafanywa katika nchi unakokwenda, kodi inalipwa wakati mzigo ungali bandarini, na ruhusa inasafiri kutoka mfumo wa nchi moja kwenda mfumo wa nchi nyingine bila mtu kuibeba. Lori likifika mpakani linatakiwa kukuta habari zake zimekwisha kufika. Kwa mzigo mkubwa wa kontena utokao Dar es Salaam, wenye wakala aliyesajiliwa, njia hiyo ipo. Ninayemlilia mimi ni mtu wa chini ya hapo.

Kabla sijafika kwake, niruhusu nieleze kwa lugha ya darasani maana ya kuunganisha mifumo, maana nimesikia watu wakidhani ni uchawi wa wazungu au ni jambo la benki kubwa peke yake.

Programu ya kompyuta inaweza kutengenezewa mlango. Si mlango wa mtu kuingia, bali wa programu nyingine kubisha hodi na kuuliza: mzigo namba fulani umelipiwa? Ikijibiwa ndiyo, inaendelea na kazi yake. Juu ya mlango huo inawekwa kanuni, na kanuni zote zina umbo moja: likitokea hili, fanya lile. Kodi ikilipwa, toa ruhusa. Ruhusa ikitoka, mwarifu mwenye mzigo kwa simu. Lori likipimwa katika mizani, linganisha uzito na tamko. Ni kama kengele ya shule. Mlinzi anapoigonga, haendi tena darasa moja moja kuwaambia watoto watoke. Tendo moja, na wote wanaohusika wanajua. Huko Marekani kampuni ya Zapier, iliyoanza mwaka 2011, inafanya biashara ya jambo hilohilo: kuuza kamba za kufungia programu moja na nyingine, ili mwenye duka asinakili oda kutoka barua pepe kwenda daftarini.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani. Mama anayeuza ndagala pale Nyanza-Lac anaijua kazi ya mifumo iliyounganishwa kuliko wataalamu wengi. Akipokea pesa kwa Lumicash, salio la mteja linapungua, salio lake linaongezeka, na ujumbe unaingia katika simu zote mbili. Hakuna karani aliyenakili chochote. Tanzania ilianza huduma za namna hiyo mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuanza Kenya. Hapo mwanzo kila kampuni ya simu ilikuwa kisiwa, na wafanyabiashara walitembea na laini mbili au tatu mfukoni. Kuanzia mwaka 2014 kampuni hizo zikaanza kuunganisha mifumo yao, pesa ikavuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Pesa na simu vilikuwa vilevile, lakini visiwa vilijengewa daraja.

Mfano mwingine unajulikana na kila mwenye shughuli upande wa pili. Zamani ukitaka kulipia huduma ya serikali ya Tanzania ulikwenda benki, ukapanga foleni, ukapewa stakabadhi ya benki, ukaipeleka ofisi husika, ukasubiri mhasibu aandike stakabadhi nyingine. Tangu mwaka 2017 wana mfumo wa malipo uitwao GePG. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki yoyote iliyounganishwa, na habari inafika yenyewe katika ofisi uliyoilipa. Mimi mwenyewe nimelipia huduma namna hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nilipoingia ndani, karani hakuniuliza karatasi. Aliuliza namba. Nikajiuliza: kama hili limewezekana kwa ada ndogo ya mwalimu, kwa nini lisiwezekane kwa magunia ya mchele?

Sasa nirudi kwa yule mtu wa chini. Jumuiya ina utaratibu wa biashara nyepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa bidhaa zilizokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, unapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, bila kutozwa ushuru wa forodha. Ni utaratibu mzuri sana, na wengi wetu hatuutumii kwa sababu hatuujui. Lakini tazama jambo linavyokwenda kinyume. Mwenye kontena, mwenye wakala na ofisi mjini, ndiye habari zake zinasafiri kwa kompyuta. Mama mwenye madumu sita ya mawese anajaziwa cheti kwa mkono, na akirudi wiki ijayo na madumu mengine sita anaanza upya kana kwamba hajawahi kuonekana duniani. Jina upya, kijiji upya, bidhaa upya. Mwenye nafasi karahisishiwa, mwenye haraka ya kurudi kwa watoto kaachiwa foleni. Hoja yangu ya kwanza ni hii: kuunganisha kuanzie katika dirisha la mdogo. Mama huyo apewe namba moja, na akitaja namba hiyo kila kitu kijulikane, abaki kusema tu leo kabeba nini na kiasi gani.

Hapo ndipo wasomaji wengine watasema mwalimu kapenda kompyuta. Hapana. Nina sababu ya kuziogopa, na nitaieleza, maana inawagusa wengi tuliorudi.

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wangu walifikia baada ya mauaji ya mwaka 1972. Nilisoma huko hadi kidato cha nne. Jina langu lina herufi "r" mahali pawili. Mwandikishaji wa kwanza alisikia "l" mara moja, na wa pili akasikia "l" mara zote mbili. Tarehe za kuzaliwa nazo ni hivyohivyo: karibu nusu ya darasa letu, kwa mujibu wa karatasi, tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa mwandikishaji akikosa tarehe aliandika hiyo. Niliporudi mwaka 2008, karani wa komini aliandika jina kama linavyotamkwa na babu yangu. Kwa hiyo nina majina matatu: la kadi ya ukimbizini, la cheti cha shule na la kitambulisho. Kwa miaka mingi halikuwa tatizo. Karani alinitazama, akatazama picha, akacheka, akagonga muhuri. Jicho la mtu linasamehe herufi moja.

Kisha miaka michache iliyopita ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliunganisha orodha ya mishahara na orodha ya vitambulisho. Nia ilikuwa njema, kuwaondoa watumishi hewa. Mashine ikalinganisha majina, ikaona langu halifanani na langu, ikanifanya hewa. Miezi miwili sikupata mshahara. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa dirishani, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, aliniambia, "Samahani mwalimu, si mimi. Ni mfumo umekataa." Nikamwuliza, mfumo huo unakaa chumba gani nikazungumze nao? Akanyamaza. Hakuwa na ruhusa ya kurekebisha herufi moja, na hakujua nani anayo. Nilikopa unga dukani nikiwa nimesimama darasani kila asubuhi mbele ya watoto 60, wote mashahidi kwamba nipo.

Ndugu zangu tuliorudi, tulijue hili. Mifumo ikisomana, kosa lililokuwa limelala katika kabati moja linaamka na kutembea katika kabati zote. Zamani ukikataliwa dirisha moja ulikwenda jingine. Mifumo ikiwa imefungwa pamoja vibaya, ukikataliwa mahali pamoja umekataliwa kote, kwa dakika moja, na hakuna wa kumlaumu. Mfanyabiashara ambaye jina lake katika namba ya mlipakodi ya huku limeandikwa kwa "r" na ankara ya Kigoma ikaandikwa kwa "l" atakutana na yaliyonikuta, ila yeye atakuwa na lori linalodaiwa maegesho.

Je, kwa sababu hiyo tuseme mifumo isiunganishwe? La hasha. Mtu akigongwa na baiskeli haamui kutembea kwa miguu maisha yote, anadai baiskeli iwekwe breki. Nami breki ninazozidai ni tatu.

Ya kwanza, mifumo iunganishwe kwa namba, si kwa majina. Namba haina lafudhi. Haijui kama mwandikishaji alitoka Tabora au Bururi. Jina libaki kwa ajili ya watu kuitana.

Ya pili, mfumo ukikuta tofauti usihukumu. Usimamishe, umwite mtu. Na kila kituo cha mpaka na kila komini pawe na ofisa aliyepewa mamlaka ya kurekebisha, jina lake likiwa limebandikwa ukutani, na muda wake wa kujibu ukiwa unajulikana. Kukataa kunaweza kufanywa na mashine kwa sekunde moja. Kusahihisha hakuwezi kuachwa kuchukue miezi miwili.

Ya tatu, mwenye mzigo naye apate habari. Mara nyingi ujumbe kati ya mfumo na mfumo hukwama, kwa sababu ya umeme au mtandao, na aliye mpakani anaambiwa tu "subiri". Asubiri nini na hadi lini? Kama mashine zinaweza kuambiana, zinaweza pia kumtumia mwenye mali ujumbe mfupi wa simu: tamko limepokelewa, malipo yameonekana, ruhusa imekwama mahali fulani. Mtu anayejua mahali mzigo wake ulipokwama hamhitaji dalali wa kumwuzia habari hiyo.

Na hapo nimegusa donda. Tusidanganyane kwamba ucheleweshaji wote unatokana na uhaba wa utaalamu. Katika kila pengo kati ya dirisha na dirisha kuna mtu anayekula. Yupo anayekuuzia fomu inayotakiwa kutolewa bure. Yupo "anayekusaidia" kusogeza bahasha. Watu hao hawatakuja hadharani kusema hawataki mifumo isomane. Watasema mtandao haupo, mafunzo hayajafanyika, wananchi hawajawa tayari. Mwananchi aliyetuma pesa kwa simu asubuhi hawezi kuambiwa mchana kwamba hayuko tayari.

Nawakumbuka pia vijana wenye vibanda vya kuchapa na kunakili karatasi karibu na forodha. Hao wanafanya kazi halali, na karatasi zikipungua watapungukiwa. Lakini hao ndio wanaojua fomu zote na makosa yote ya watu. Wao ndio wa kwanza kufundishwa kumsaidia mama wa mawese kujisajili, na walipwe kwa kazi hiyo kwa bei iliyobandikwa wazi.

Nasi tusingoje serikali kwa kila jambo. Kikundi kimoja cha wafanyabiashara wa hapa kwetu kiliniomba nikisaidie mahesabu. Walikuwa na madaftari manne: la oda zinazokuja kwa WhatsApp, la malipo, la mizigo iliyosafirishwa na la madeni. Kila jioni mwekahazina alikuwa akinakili kutoka moja kwenda jingine, na kila mwezi palikuwa na ugomvi. Tulichofanya hakikuhitaji mtaalamu. Tulitengeneza fomu moja katika simu, zile za bure za Google, ambazo ukijaza majibu yanaingia yenyewe katika jedwali. Mzigo ukiondoka anayepakia anajaza palepale: nani, nini, kiasi gani, kalipa au bado. Jedwali linajumlisha lenyewe. Mtandao ukikosekana wanaandika daftarini na kujaza baadaye, mara moja tu. Ugomvi haukwisha wote, maana binadamu ni binadamu, lakini ule wa "mimi niliandika 480" umekwisha. Mwekahazina, dada mmoja aliyeishia darasa la saba kule Mishamo, sasa ndiye anayewafundisha wengine.

Tuliorudi tulifunzwa na maisha kwamba karatasi ni uhai. Tumevuka mito na vyeti vimeshonewa ndani ya nguo. Sishangai mtu wa namna hiyo akikataa kuachia bahasha yake na kuamini namba iliyo ndani ya mashine. Mimi mwenyewe kadi yangu ya zamani, ile yenye "l" mbili, ningali ninayo. Lakini watoto wetu hawastahili kurithi bahasha. Wanastahili mpaka ambao mtu akiandika jambo mara moja, na kwa usahihi, limeandikwa. Na likiandikwa vibaya, yupo wa kulisahihisha.

Basi wahusika wa pande zote mbili, mwiteni mama mwenye madumu sita mkae naye meza moja kabla hamjafunga nyaya zenu. Mwulizeni jina lake linaandikwaje. Mwanzo wa kazi yote uko hapo.